Gari Lililokataa Kuzimika

Katika bweni letu siku huanza kwa kengele saa kumi na mbili na nusu, huendelea kwa chai ya majani ya mlimani ambayo haijawahi kuonana na sukari, na hufikia kilele saa moja na dakika ishirini, gari la Mwalimu Peev linapoingia getini.

Mwalimu Gancho Peev alitufundisha ufundi wa magari. Gari lake lilikuwa Lada ya rangi ya maziwa, kuukuu kuliko mwanafunzi yeyote, nalo alilitunza kama mzee anavyotunza jino lake la mwisho. Alikuwa na kanuni moja aliyoirudia mpaka tukaiota usingizini: "Pima kwanza, ndipo ukate." Mimi, Luben, mwenye miaka kumi na minne na maonyo mawili katika daftari la mkuu wa shule, niliona inafaa kanuni hiyo ifanyiwe majaribio. Onyo la tatu kwetu maana yake ni kufungasha nguo na kurudi kijijini.

Ubavuni mwa kabureta ya gari lile, chombo kinachochanganya mafuta na hewa, kuna kidude kama kidole gumba, vali ya umeme. Ukiwasha gari, umeme huivuta sindano ya vali ndani, na mafuta kidogo hupita ili injini iendelee kunguruma hata usipokanyaga. Ukizima, sindano hurudi, huziba tundu, na injini hunyamaza. Vali ikikosa umeme, gari huenda vizuri barabarani, lakini ukiinua mguu tu, linazimika.

Jumatatu mchana rafiki yangu Spas alisimama kwenye kona akipiga mluzi. Nilichomoa waya wa vali, nikaipaka ncha yake rangi ya kucha ya dada wa Spas, ile angavu kama maji, nikaipuliza mpaka ikakauka, nikaurudisha waya mahali pake. Kwa macho hakuna kilichobadilika. Kwa umeme, njia ilikuwa imefungwa.

Jioni ile Lada ilizimika getini mara tano, shule nzima ikitazama.

"Mwalimu," Spas aliita, "babu yangu ana punda. Hazimiki hata ukimwomba."

"Mlete," Mwalimu akajibu. "Akikaa kwenye dawati lako, alama za darasa zitapanda."

Tulicheka, na yeye akacheka. Hapo ndipo mzaha ulipopaswa kufa.

Jumanne aliingiza gari karakana. Aliutikisa waya, akaona umekaza, akasema, "Vali imekufa." Duka lenye vali mpya lilikuwa mji wa mbali, theluji ilikuwa imeanza, naye alikuwa na haraka. Basi alifanya kile ambacho madereva wetu wote wa magari ya zamani hufanya vali ikifa: aliifungua, akaivunja sindano kwa koleo, akairudisha. Bila sindano, tundu halizibwi tena. Mafuta hupita wakati wote.

Nilisimama hatua mbili kutoka kwake. Nilijua vali ni nzima. Nilijua pia kwamba taa ya kupimia umeme ilikuwa juu ya meza, na kwamba kwa mara ya kwanza Mwalimu hakupima. Mdomo wangu ulifunguka, nikakumbuka daftari la mkuu wa shule, ukafungika. Jumatano nikaikwangua rangi yote kutoka kwenye waya, ili nisigunduliwe. Nililala vizuri sana usiku huo, na ninaona aibu kuandika hivyo.

Tangu hapo Lada ilinguruma vizuri, ila haikutaka kuzimika. Mwalimu alizima swichi, akatoa ufunguo, na injini yenye joto ikaendelea kuchoma mafuta yenyewe, ikikohoa na kutetemeka kama mgonjwa wa homa. Ili kuinyamazisha aliweka gia, akakanyaga breki kwa nguvu, akaachia klachi. Spas aliliita gari la mzuka. Nilicheka kuliko wote.

Jumatatu iliyofuata Mwalimu hakuja. Jumanne pia. Jumatano aliingia karakana bila kunyoa ndevu, akaweka bahasha juu ya meza.

"Hii ni barua yangu ya kuacha kazi," alisema. "Lakini leo bado mimi ni mwalimu wenu, kwa hiyo sikilizeni. Jumamosi niliingiza gari gereji. Mke wangu Zdravka alikuwa ameinama kwenye pipa la kabichi ya kuchachisha, akikoroga maji yake ya chumvi. Nilizima swichi, gari likakataa. Nikaweka gia. Kiatu changu kilikuwa na theluji, mguu ukateleza kwenye breki. Gari liliruka mita moja. Mita moja tu. Mfupa wake wa paja umevunjika mahali pawili. Daktari anasema atachechemea maisha yake yote. Na yeye ni mpeleka barua. Hupanda hadi vijiji saba vya mlimani kwa miguu."

Akafungua boneti ya Lada aliyokuja nayo, akawasha swichi.

"Sasa tafuteni kosa langu. Spas, taa."

Spas aligusisha taa kwenye waya wa vali. Ikawaka. Akaugusisha waya kwenye vali yenyewe, na kipande cha sindano kilichobaki kikaruka ndani kwa mlio.

"Waya una umeme, Mwalimu. Na vali inavuta."

Mwalimu aliichukua ile taa, akapima mwenyewe. "Basi vali haikuwa imekufa," alisema polepole. "Nimekata kitu kizima. Miaka thelathini nawafundisha watoto wa watu, na mkono wangu haufai kushika hata koleo." Akaichukua bahasha na kuelekea mlangoni.

Miguu yangu ilitangulia kabla sijaamua.

"Mwalimu, wiki iliyopita waya haukuwa na umeme. Ni mimi niliyeufunga." Nikaeleza yote, rangi ya kucha, mluzi, kukwangua. Nilitarajia kofi. Nililitamani.

"Jumanne ulikuwa umesimama pale?" aliuliza.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Uliniona nikivunja sindano?"

"Ndiyo."

"Ukijua ni nzima?"

"Ndiyo."

"Vaa koti," alisema.

Hospitalini Mama Zdravka alilala chali, mguu umening'inizwa kwa uzani wa chuma. Midomo yake ilikuwa myeupe. Nilimweleza nikitazama sakafu. Aliuliza jina langu na kijiji changu, nikamtajia.

"Wewe ni mjukuu wa Bibi Tota," alisema.

"Unamfahamu, mama?"

"Macho yake yamechoka. Barua zako zote namsomea mimi, jikoni kwake, akinikaangia mkate. Kila barua inasema unaendelea vizuri na walimu wanakusifu."

Nilidhani nilikuwa nimeshafika chini kabisa. Kumbe kulikuwa na ngazi nyingine.

"Nisikilize, mwanangu," alisema. "Gancho alikata bila kupima. Hilo ni lake, na atalibeba, lakini kazi haachi, nimeshamwambia. Lako ni lingine. Watoto hufanya mizaha, hata mimi nilifanya. Ungesema Jumanne, ungeaibika dakika tano, mimi ningekuwa njiani leo. Ulikuwa na siku nne za kusema, na kila siku ulichagua kujiokoa wewe. Mguu wangu ulivunjwa na siku hizo nne. Mtu akijua hatari na akanyamaza, ni kama ameishika kwa mkono wake."

Mwalimu aliichana barua yake. Nilipata onyo la tatu, lakini yeye mwenyewe alimwomba mkuu wa shule nibaki, kwa sharti kwamba nimkatie Mama Zdravka kuni mpaka majira ya kuchipua. Jumamosi tulifunga vali mpya. Nilipima kwanza: umeme upo, nikagusisha waya, sindano ikaruka ndani kwa mlio mdogo, tik. Tuliwasha injini mpaka ikapata moto, tukazima. Ikanyamaza papo hapo. Mwalimu alisimama muda mrefu akiusikiliza ukimya ule, na machozi yakamtoka.

Jumapili nilimwandikia Bibi barua ya kurasa tatu, yote yaliyotokea, bila kupunguza. Nikaipeleka hospitalini nikidhani Mama Zdravka atataka kuiona. Aliisoma hadi mwisho, akaikunja, akanirudishia.

"Ni barua nzuri," alisema. "Sasa huko juu hakuna wa kuipeleka. Panda nayo mwenyewe, kaa jikoni kwake, umsomee."