Mistari Aliyoiandika Gerishon

Kompyuta ilisema kuna makosa mawili, la pili kwenye mstari wa arobaini na moja. Programu ya Mwongeli ilikuwa na mistari thelathini na minane. Alihesabu tena kwa ncha ya kalamu. Thelathini na minane.

Ilikuwa Desemba 1997, mvua imekataa kuacha Ruiru, na ofisi yao ndogo ya kupima mito ilidaiwa ripoti ya mafuriko. Data ilitoka kwa Gerishon, aliyekuwa akipima kina cha Mto Chania kule Thika, akijaza faili kwenye kompyuta ya kituo na kutuma disketi. Wiki tatu zilizopita mto ulimbeba pamoja na nguzo ya kipimo; disketi yake ya mwisho ilikutwa kituoni. Ofisi iliandika kwamba aliingia majini kwa ukaidi wake.

Kosa la kwanza lilikuwa jepesi: vipimo vyenye desimali alivilazimisha kukaa mahali pa namba nzima. Akarekebisha. La pili, kompyuta ilitaka aeleze programu itafanya nini faili ikikataa kusomeka.

"Nasa hilo kosa, halafu ndani usiandike kitu," alisema bosi wake, Bwana Jeconia. "Mstari ukisumbua, programu iuruke."

"Lakini bosi, hatutajua imeruka mistari ipi."

"Ripoti inatakiwa saa nane, Mwongeli."

Akafanya hivyo. Programu ikakubali, grafu ikatoka laini, na ofisi ikanuka tope.

Alidhani ni mtaro. Kisha akasikia maji yakidondoka ndani ya kompyuta yenyewe, tone baada ya tone, na alipoinama kutazama, sakafu ilikuwa kavu kabisa, ila baridi ilikuwa inapanda kutoka vidoleni hadi magotini kama mtu anayeingia mtoni taratibu, na nyuma ya sikio lake, karibu hata akahisi pumzi, sauti ya Gerishon ikauliza, "Mwongeli, mistari yangu umeipeleka wapi?"

Hakupiga kelele. Alijaza ile sehemu tupu: kila mstari uliorukwa uonyeshwe. Ikatoka mitatu: thelathini na minane na mitatu, arobaini na moja. Pale pa kina cha maji palikuwa na maneno.

*Nguzo inayumba. Tumeni fundi.*

*Bosi, nimepiga simu mara mbili. Nguzo inayumba.*

*Umesema nipime hivyo hivyo. Naingia.*

Wa mwisho ulikuwa na tarehe ya kifo chake.

Jeconia alisoma akiwa amesimama. "Nani mwingine ameona hii?" alinong'ona. Maji yakadondoka. Naye aliyasikia, maana aliruka nyuma.

Kesho yake saa sita mchana alimleta Bi Mwanamisi, mganga kutoka Thika, akafunga mlango. Bibi alifukiza ubani, akasoma, akatega sikio kwenye kompyuta.

"Huyu si Gerishon," alisema. "Ni jini la mto, limechukua sauti yake."

"Na yale maneno, bibi?" Mwongeli aliuliza.

"Yale aliandika marehemu mwenyewe. Bosi wako anajua."

"Mama, nimekuita ulitoe," Jeconia alisema. "Hayo mengine achana nayo."

Bibi akalitoa. Dirisha lilifunguka lenyewe, harufu ikakatika. "Limeondoka," alisema akikunja mkeka. "Lilikoenda hukuniuliza."

Moshi ukiwa bado unaelea, Jeconia alifuta faili, kisha akakata disketi kwa makasi. Mwongeli alimtazama tu. Alikuwa na watoto wawili na kazi moja.

Usiku hakulala. Asubuhi alikwenda Kamenu, mtaa wa Thika, kwa Wamboi, mjane wa Gerishon, angalau amwambie kwa mdomo. Wamboi alifungua mlango akiwa amesuka nywele upya, amevaa gauni la kanisani.

"Mama, pole," Mwongeli alianza. "Nimekuja kukuambia mzee hakuwa mkaidi. Alituma habari, na..."

"Najua. Ameshaniambia."

"Nani?"

Wamboi alicheka kwa furaha, akamshika mkono kumvuta ndani. "Alirudi jana mchana. Ingia, karibu. Anabadilisha nguo, zimelowa."