Nipe Ile ya Kigobe

"Mgonjwa wa nne amekufa," sauti ya Shaabani, mkuu wa upelelezi, ilikwaruza kwenye redio ya Motorola. "Mlete Népomuscène. Akiwa hai."

"Nimeshamuona, Chef."

Houda aliikamua pikipiki yake ya Yamaha mpaka mshale wa spidi ukagonga mwisho. Mbele yake gari la Probox, jeupe, lilikimbilia Gatumba, mpakani na Congo, likitawanya sinia za wauza ndagala, dagaa wa ziwani, barabarani. Saa mbili asubuhi.

Risasi moja ya Makarov.

Tairi.

Probox ikapiga mweleka. Népomuscène, mkuu wa stoo ya dawa hospitalini, akachomoka dirishani kama panya na kujitupa mtoni, Rusizi.

Kosa.

Kiboko wa Rusizi haulizi cheo. Alimbana mguu wa kulia, akamtikisa mara tatu, akamtema. Wapo wanaosema kiboko alisukutua kinywa baadaye. Mimi siapi, lakini sibishi.

Houda alimvuta Népomuscène kwa ukosi. Hakumpiga. Kiboko alishamaliza kazi.

Miezi mitatu Houda, mpelelezi, alikuwa amevaa koti jeupe pale hospitalini, mfamasia wa wodini. Koti halikuwa la kuigiza. Alisomea dawa kabla ya kusomea bastola. Zamani pale dawa ilitoka kidirishani: mkono unasukuma boksi nje, basi. Nyuma ya kidirisha humuoni anayepona wala anayekufa. Houda alizunguka na madaktari kitanda kwa kitanda akiuliza: dawa gani, kipimo gani, homa imeshuka? Bila sahihi yake, sindano haichomwi.

Ndipo alipogundua. Watu wanachomwa ceftriaxone, dawa ya kuua bakteria, homa iko palepale. Akachukua kichupa, akakiyeyusha, akatia kalsiamu. Ya kweli ingechafuka ikawa nyeupe kama maziwa. Hii ilibaki maji matupu.

Chumvi. Stoo nzima.

Za kweli Népomuscène alizificha, azivushe Congo.

Saa nne akawa amelazwa kitanda cha nane. Cha saba kilikuwa cha Hayat, mshonaji, shingo imekakamaa kwa homa ya uti wa mgongo. Daktari Adrien alisema wazi: asipopata dawa ya kweli kabla ya saa sita, jioni aitwe shehe. Famasi za mjini zilikuwa zimeishiwa wiki nzima. Adija, mama yake, aliketi sakafuni akivuta tasbihi.

Madaktari wakakizunguka kitanda cha nane, kama ilivyo desturi ya raundi. Wa mwisho kusema ni mfamasia.

"Mzee Népo," Houda akasema taratibu, "mutu aking'atwa na kiboko, nyama inaoza haraka. Docteur ameandika ceftriaxone. Stoo imetoa hii."

Kalamu ya Bic mfukoni mwa Houda ilikuwa redio ya siri, inarusha kila neno kwa Shaabani.

Népomuscène akakitazama kichupa. Lebo aliibandika kwa vidole vyake mwenyewe.

"Apana, docteur. Hiyo mi siitaki."

"Kwa nini? Si ya stoo yako?"

"Inaniwashaka mwili."

"Chumvi haimuwashi mutu." Akavuta dawa ndani ya sindano, bila haraka. "Nyoosha mkono, papa."

"Dada yangu, pole pole..."

"Wanne walinyoosha. Mmoja alikuwa na mimba, akanishukuru kabla hajafa."

Ncha ikagusa ngozi.

"Nipe ile ya Kigobe," Népomuscène akanong'ona.

Hata yeye mwenyewe alisikia alichokitamka.

"Mtaani Kigobe, wapi?"

"Kwanza uniambie mguu utabaki."

"Ukisema, nakuchoma ya kweli. Ahadi yangu ni hiyo tu."

Népomuscène akavuta shuka, akautazama mguu.

"Kwa muke wangu wa pili. Nyumba ya geti ya bluu, karibu na bomba la maji. Chini ya banda la kuku."

"Tunaenda," Bic ikajibu.

Saa tano na nusu maboksi yakaingia yakinuka kuku. Houda akajaribu kichupa kimoja kwa kalsiamu. Maziwa.

Akaandika orodha. Watu ishirini na mmoja. Hayat wa kwanza, saa sita kasoro dakika kumi.

Népomuscène wa mwisho.

Saa kumi jioni Houda alimchoma, kipimo kamili, kama alivyoahidi. Népomuscène akashusha pumzi.

"Asante, dada. Sasa mguu unapona."

Houda akainua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha. Mfupa ulikuwa kama karanga zilizotwangwa.

"Unakatwa baada ya nusu saa. Hii dawa ni ya kulinda kisiki."

"Mulijua lini?"

"Kabla ya raundi."

"Mi nimesema yote..." Akajiinua kwa kiwiko. "Kwa ajili ya nini?"

Kitanda cha saba, Hayat alikuwa amefumbua macho, akimgombeza mama yake kwa sauti ndogo kwamba uji hauna sukari.

"Kwa ajili ya huyo," Houda akasema.

Polisi wakaleta pingu. Houda akawashauri wafunge mkono; wakifunga mguu wangepoteza pingu bure.

Akatia sahihi chini ya orodha, akachukua helmeti, akatoka.