Mgeni wa Safu ya Saba

Kiti kisichokaliwa hujikunja. Ndivyo vilivyotengenezwa viti vyote vya lile jumba kubwa la michezo na burudani mjini Kakamega: ukiinuka, nacho kinainuka. Kimoja tu, katikati ya safu ya saba, kilibaki chini mchana kutwa kana kwamba kuna mtu, na kilikuwa kimemkondesha Naliaka, msimamizi wa jumba.

"Springi nimebadilisha mara tatu, madam," fundi Sammy alimnong'oneza. "Hii kiti haina shida. Inakaa tu hivyo, kama imekaliwa."

Naliaka alijisikia kulia kwa hasira. Sakafu ya mbao ya mpira wa kikapu iling'aa, na ilibanduka upesi kupisha jukwaa la wanamuziki. Ubao wa mabao uliwaka, vyumba vya kubadilishia nguo vilikuwa na maji moto, na mwenye kiti cha magurudumu aliweza kufika hadi juu. Yote hayo aliyasimamia yeye, binti wa Lumakanda ambaye wanaume wa mjengo walimwita "kasichana" hadi wakachoka wenyewe. Alipenda kusema "nyumba yangu", na hakuwahi kuwa na nyingine ya kuiita hivyo. Lakini bosi wake, Khaemba, alipopiga simu aliulizia kiti tu.

"Tunafungua Jumamosi," alisema. "Kama kiti moja imekushinda, nitapata mwenye ataweza."

Kisha yakaja makapi ya miwa. Kila asubuhi yalikuwa chini ya kiti kile, yametafunwa, yana mate bado, na milango ilikuwa imefungwa. Naliaka aliwagombeza walinzi, wakaapa kwa mama zao. Ikafuata harufu ya majani ya muwa yaliyoungua, humo ndani, palipopigwa deki kwa sabuni. Halafu alasiri moja mvua ikanyesha kama kawaida ya Kakamega, taa zikafifia, naye akiwa peke yake katikati ya uwanja akasikia mtu akitafuna bila haraka, akitema, akivuta pumzi, akitafuna tena, na kila alipogeuza shingo kutazama safu ya saba sauti ilinyamaza ikamsubiri ageuke, mpaka akatoka kinyumenyume akishika ukuta na viatu mkononi.

Sammy ndiye aliyemleta Maalim Osundwa kutoka Mumias. Mzee alitoa salamu, akasimama mlangoni, akanusa.

"Ni jini," alisema kwa sauti ya chini. "Binti, siku ya kwanza ulimwambia nini?"

Naliaka alikumbuka. Alikuwa amekisukuma kiti juu, kikashuka, akakisukuma, kikashuka. Kwa uchovu alikuwa amesema: Haya, kaa basi. Karibu kiti.

"Basi umemkaribisha. Umempa kiti, hujampa chakula. Ataendaje?"

"Mgeni siku mbili, Maalim. Huyu ana wiki tatu. Nimpe jembe?"

Mzee hakucheka. "Pika ingokho na obusuma kwa mkono wako. Ale, tumsindikize mpaka getini. Lakini imondo usimpe. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Uile wewe, mbele yake."

"Mimi?"

"Kwani nyumba ni ya nani?"

Alipika huyo kuku na ugali katika jiko la jumba, akapanda na sahani hadi safu ya saba. Akaishika firigisi, na mkono ukawa mzito. Kwao imondo ilikuwa ya baba. Baba alipokufa ikawa ya kaka yake, ambaye hata makamasi hakujua kupenga. Yeye alipowahi kuionja, mama alimpiga kofi mkononi mbele ya wageni. Sasa Maalim na Sammy walikuwa wakimtazama, wanaume wawili, na aibu ikamshika, aibu ya kijinga, alijua ni ya kijinga. Akajifanya anatafuna. Firigisi akaificha chini ya obusuma, akaitua sahani sakafuni.

Kiti kikajikunja. Tak.

Sammy alishukuru Mungu kwa kunong'ona. Wakatembea polepole hadi getini, Maalim akizungumza na hewa kwa adabu, akimtakia safari njema. Hapo getini akanyoosha mkono kuaga, akaurudisha.

"Hatujatoka na mtu," alisema. "Binti, ile imondo uliila?"

Naliaka alikimbia kurudi, akapita milango yote ikiwa wazi mbele yake kama inamjua, akaikuta sahani imelambwa hadi kung'aa, harufu ya muwa ulioungua ikishuka kutoka ofisini kwake kule juu nyuma ya kioo, ambako taa ilikuwa inawaka na kiti chake cha kuzunguka kilikuwa kikizunguka taratibu kumwelekea, na kabla hajapata kinywa cha kusema kwamba nyumba ni yake, vipaza sauti vyote vikakohoa pamoja.

"Karibu, mgeni," sauti ikasema kwa upole. "Keti."

Katika safu ya saba kiti kikashuka chenyewe. Naye Naliaka, aliyelelewa vizuri, akashukuru, akaketi.