Wageni wa Saa Sita Mchana

Paka wa kwanza aliingia saa sita mchana, akaketi ukingoni mwa shimo na kuinamisha kichwa kana kwamba kuna mtu chini anamwita.

"Dada, leo tumeletewa mkaguzi," mdogo wa kiume wa Betri akasema, akicheka.

Betri naye akacheka. Jina hilo alipewa na wateja kwa kuwa alikuwa haishiwi chaji. Tangu baba yao afariki, yeye ndiye aliyeiendesha ile gereji kuukuu: yeye kwenye injini, mdogo wake kwenye kunyoosha bodi. Kuta zilikuwa nyeusi kwa oili, mlango ulikuwa mmoja tu, na katikati ya sakafu palikuwa na shimo refu ambalo fundi huteremkia ili alifikie gari kwa chini. Panya hawakukosekana humo. Paka ni wa nini, kama si wa panya?

Kesho yake walikuja paka wanne. Siku iliyofuata likaja hata jibwa la mtaani, lile lenye ukorofi unaojulikana na kila mtu, likajipenyeza katikati ya paka bila kubweka, na paka hawakusimamisha hata unywele. Wakaja mbuzi wawili. Akaja kuku na vifaranga vyake. Wote walilizunguka shimo, wakasogeza vichwa katikati mpaka vikagusana, wakakaa hivyo kama saa nzima, kisha wakatawanyika kama watu wanaotoka kazini.

"Hii ni gereji au zizi?" akauliza dereva mmoja wa lori. Kesho yake akapeleka lori lake kwa fundi mwingine.

Hapo mdogo mtu hasira zikampanda. Aliokota spana akamtandika yule paka wa kwanza ubavuni. Paka hakukimbia. Aliyumba kidogo, akarudisha kichwa palepale kilipokuwa. Na katika kimya kilichofuata Betri akanusa harufu ya manyoya mabichi yaliyokaribia moto, akasikia, kutoka chini shimoni, sauti ya mtu anayebembeleza mtoto.

"Unasikia?"

"Sisikii kitu," mdogo wake akajibu, lakini alijibu kwa kunong'ona.

Jioni hiyo alilalamika ubavu unamuuma. Alipovua shati, palikuwa na alama nyekundu yenye umbo la spana.

Kesho yake Betri alitoka kwenda kununua plagi. Aliporudi jua lilikuwa la utosi, na kilichomsimamisha mlangoni ni kutosikia nyundo, kwa maana mdogo wake akifanya kazi mtaa mzima hujua. Akaingia taratibu, akipita kati ya magari, ile harufu ikizidi kila hatua, mpaka akawaona mbuzi, akaliona jibwa, akawaona paka, na kati ya jibwa na mbuzi akamwona mdogo wake amechuchumaa, mikono magotini, kichwa chake kimegusana na vichwa vya wanyama, macho wazi, hapepesi, na kifua chake kikipanda na kushuka sawasawa na vyao.

Akamshika bega amvute. Akawa mzito kama injini ya basi.

Wanyama walipotawanyika naye akainuka, akaenda nyumbani. Hakula. Siku ya pili akarudi saa ileile, na ya tatu vilevile. Betri aliufunga mlango wa gereji kwa kufuli. Alimkuta ndani, na kufuli bado limefungwa.

Siku ya nne akamleta mganga, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba. Mama huyo hakutoa kitu mkobani. Alikaa chini karibu na kijana, akasubiri, kisha akauliza kwa upole, "Mwenyewe ni nani hapa?"

Mdomo wa kijana ukafunguka. Sauti ilikuwa ya mwanamke aliyechoka.

"Watoto wangu hawalali."

"Nani kawaamsha?"

"Jua. Yule mzee alikuwa mstaarabu. Kila saa sita alitufunika."

Betri akainua macho darini. Baba yao kila mchana alilifunika shimo kwa mbao kabla hajala, hakuzitoa mpaka jua lipinde. Wao wakasema ni uzee. Baada ya msiba waliona mbao zimeoza, wakazichoma moto. Na juu ya shimo waling'oa bati bovu, wakaweka la plastiki ili wapate mwanga. Saa sita jua liliingia moja kwa moja mpaka chini, isipokuwa pale vichwa vya wanyama vilipolikinga.

"Mwachie kijana," mganga akasema.

"Wanyama ni wadogo. Huyu kivuli chake ni kipana."

"Nitafunika mimi!" Betri akaropoka. "Leo hii hii! Mwachie ndugu yangu!"

Mganga akamfinya mkono anyamaze, lakini sauti ilikwisha kumsikia. "Funika, lakini usijaze kifusi. Ukijaza, nitahamia kwenu."

Betri alipanga mbao nene, akafunga nondo, akakoroga zege peke yake, wanyama wakimsogelea na kumpisha kama mafundi wenzake. Alipokuwa anasukuma ubao wa mwisho, kidole chake kimoja kikabaki upande wa chini, na humo gizani kikashikwa. Vilikuwa vidole vidogo sana, vya moto, vilivyomng'ang'ania kama mtoto mchanga anavyong'ang'ania kidole cha mama yake. Hakupiga kelele. Alikitoa polepole, kifundo kwa kifundo, machozi yakimdondoka, kisha akamwaga zege.

Jibwa likabweka. Paka wakaparamia kuta, kuku akapiga ukelele, mbuzi wakapindua ndoo ya oili, na mdogo wake akaanguka chali akiomba maji.

Wiki mbili zikapita. Wateja wakaanza kurudi, na Betri sasa alijilaza chali chini ya magari, mgongo juu ya zege jipya. Mdogo wake alirudi kwenye nyundo, hata utani wake ukarudi. Siku moja, wakiwa wanakula, akaweka kijiko chini.

"Dada, kule niliwaona."

"Watoto?"

"Walikuwa saba."

"Basi wamelala. Kula."

"Saba ni wale walioamka. Nyuma yao kulikuwa na wengine wamelala, wamepangana mpaka chini ya nyumba za watu. Sikuuona mwisho wao."

Betri alinawa mikono, akaingia gereji akitembea kwa ncha za vidole, akalisukuma nje gari alilokuwa akilitengeneza, akajilaza chini yake juani, juu ya kokoto.