Ndiyo ya Fundi wa Kompyuta

Ilianza na harufu. Kompyuta ikiungua hunuka plastiki, nani asiyejua? Hii ilinuka udongo wa kaburi bichi, tena saa sita mchana, ndani ya chumba cha hospitali chenye madirisha wazi.

Fundi wa kompyuta hakuijali. Alikuwa na balaa lake. Dada yake wa tumbo moja alianguka kutoka ghorofani akianika nguo, damu inamvujia ndani ya kichwa, na picha za kichwa hicho zilikuwa kwenye kompyuta moja tu, yenye mfumo wa Linux, ambayo skrini yake ilikuwa haioneshi chochote zaidi ya maandishi. Draiva, ile programu inayoendesha kadi ya picha, imeharibika. Bila draiva hakuna picha, na bila picha daktari hapasui.

"Bado?" Daktari alichungulia mlangoni.

"Dakika mbili, dokta."

"Za tangu saa tano? Dada yako anatuponyoka."

Fundi akasakinisha upya. Maandishi yakajibu: imeshindikana, kifurushi cha draiva kimeshikiliwa na programu nyingine. Akaiua programu iliyokishikilia, ikafufuka. Akaiua tena, ikafufuka tena.

Nesi wa zamu, mwenye domo lakini moyo safi, akamsogelea na kumnong'oneza, "Kaka, hiyo draiva uliitoa wapi?"

"Mtandaoni, kwa mtu tu. Ile rasmi iligoma."

"Haikukuuliza kitu?"

"Iliuliza. Nikabonyeza ndiyo. Nani anasoma yale?"

Ndivyo walivyo mafundi! Kompyuta ikiuliza, wao ni ndiyo, ndiyo, ndiyo, utadhani bwana harusi anayehofia bibi atabadili nia.

"Hebu soma sasa."

Akapandisha maandishi. Maswali mawili ya kawaida. La tatu: *Nimekaa gizani miaka mingi. Nikae humu?* Na chini yake jibu la vidole vyake mwenyewe: ndiyo.

Nesi alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki.

Fundi akaandika amri ya kukiondoa kifurushi, na ile harufu ikamsogelea mpaka shingoni, na kwenye weusi wa skrini akauona uso wake, na nyuma ya uso wake uso mwingine usio na kope, na kutoka chumba cha pili akaisikia mashine ya mapigo ya moyo ya dada yake ikilia mbiombio, kisha polepole, kisha polepole zaidi, hadi maneno yakajiandika yenyewe, herufi moja moja: *Sitoki bila pa kwenda. Nipe macho yako, nikupe picha. Ndiyo au hapana?*

Safari hii alisoma. Alisoma mara tatu, machozi yakimdondokea kwenye vitufe.

"Atapona?" akanong'ona.

Akabonyeza ndiyo.

Picha ikajitokeza, safi kabisa, na daktari akapasua.

Siku ya nne dada aliketi kitandani, kichwa kimefungwa bendeji, anataka utani. "Kaka, mbona unaangalia sakafu? Nimekuwa kituko?"

Fundi akainua macho yale aliyoyauza. Hakuona bendeji, wala ngozi, wala shavu. Aliona mifupa mitupu imeegemea mto, na fuvu lenye tundu alilotoboa daktari, na meno yakiachana, yakicheka kwa sauti ya dada yake.

"Mzuri," akamwambia. "Mzuri vilevile."