Mfuniko Wenye Jina Langu

Nina miaka ishirini na tisa, mtafiti msaidizi wa mifugo huku Mpwapwa. Jina langu naomba nilihifadhi. Kazini wananiona mpole, mcha Mungu... Laiti wangejua! Tangu mwaka jana, simu ikiita kutoka Dodoma mjini naiacha iite mpaka ikate.

Nilichaguliwa kwenda kwenye mafunzo ya wiki tatu, watafiti vijana kumi na wawili, tukilala hosteli kule Ipagala, Dodoma mjini. Kazi yetu ilikuwa kuotesha fuwele za protini, vijipande ving'aavyo kama chembe za sukari. Sote tulipewa protini ileile, ya mdudu anayeleta homa ya mapafu ya ng'ombe. Unachanganya tone lake na dawa, unafunika, unasubiri. Fuwele ikiota, inapigwa eksirei na umbo la protini linaonekana. Mwenye fuwele bora angesafiri nayo nje ya nchi, kwenye mashine kubwa ya eksirei hiyo.

Safari ile niliitaka kwa kufa na kupona. Homa hiyo ilimmalizia baba yangu zizi zima. Nilipomuaga aliniambia, "Nenda ukaone huo ugonjwa una sura gani." Ningerudi nimwambie nini?

Chumbani nilikaa na Zuhura, binti wa Kondoa. Wiki ya kwanza niliugua malaria, akanipikia uji na kuninakilia masomo yote. Nilimwita ndugu yangu, na sikuwa natania.

Kila mmoja alikuwa na sahani yake yenye vishimo ishirini na vinne, jina limeandikwa kwenye mfuniko. Kugusa ya mwenzako kulikuwa mwiko. Kila asubuhi unachungulia kwa hadubini, kisha unachora daftarini ulichokiona. Siku ya tisa Zuhura akapiga kelele ya furaha: kishimo kimoja kilikuwa na fuwele inayong'aa, pembe kali! Vyangu vyote vilikuwa na matone matupu.

Ijumaa mchana alitoka kwenda msikitini. Aliniomba nimwangalizie sahani yake, mtu asije akaisogeza. Wengine walikuwa wanakula. Nilibaki peke yangu na zile sahani mbili... na shetani hana likizo. Nilibadilisha mifuniko: wangu juu ya sahani yake, wake juu ya yangu. Ilichukua muda wa kumeza mate tu!

Kesho yake Zuhura alikuta matone matupu chini ya jina lake. Alidhani fuwele imeyeyuka. Alilia, na mimi nikamshika bega nikimbembeleza. Jamani, nilipata wapi moyo ule?

Jumatatu Dokta Masinga, mwalimu wetu, aliionyesha "fuwele yangu" kwenye skrini kubwa. Wote walipiga makofi isipokuwa Zuhura. Alitazama skrini, akatazama daftari lake, akanitazama mimi. Mchoro! Nilikuwa nimeusahau mchoro wake! Pembe zilezile, kishimo kilekile. 

Alilifunga daftari lake, akatoka. Laiti angenitukana! Niliishi nikisubiri mdomo wake ufunguke. Kila Dokta alipoita jina langu nilijua yamekwisha.

Jumanne Dokta akachukua sindano kuipima fuwele. Ya protini hupondeka, laini kama ndizi mbivu. Ile ililia tak! Ikapasuka. Ilikuwa chumvi tu, chumvi ya zile dawa tulizochanganya. Nilikuwa nimeiba chumvi... Wenzangu walinipa pole, na pole zao zilinichoma.

Alhamisi ndipo nilipomalizika. Sahani yenye jina la Zuhura ilikuwa imeota fuwele kumi na moja. Zikatiwa rangi ya bluu, zikainywa rangi yote. Protini halisi, maana chumvi hainywi rangi! Ile ilikuwa sahani yangu, kazi ya mikono yangu. Ningevumilia siku sita tu...

Dokta akatangaza kwamba Zuhura ndiye atakayesafiri. Zuhura akasimama.

"Samahani Dokta, sahani hiyo si yangu. Mwenyewe yupo humu. Namwachia aseme."

 Ningesema "ni yangu", ningekuwa nimesema pia "mimi ndiye mwizi". Nilitazama sakafu.  Alinisubiri. Akanisubiri tena... Kisha akaketi.

Dokta alisema fuwele isiyo na mwenyewe haina rekodi, na bila rekodi haiendi popote. Zikatupwa. Hakusafiri mtu. Baba aliponiuliza ugonjwa una sura gani, nilimwambia haukuonekana. Zuhura hapokei simu zangu hadi leo.

Ndugu msomaji, kitu cha mwenzako kisikutie wazimu. Chako huenda kinaota polepole mahali usipokiona. Na ukishakosa, tafadhali, sema siku ileile! Mimi nilipewa nafasi ya kusema mbele ya watu, nikaogopa, na hofu ile ndiyo ninayolala nayo.

Asubuhi ya kuondoka nilikuta kitanda cha Zuhura kimetandikwa, naye ameshakwenda. Juu ya mto wangu aliacha mfuniko wa plastiki wenye jina langu, ameuosha vizuri.