Cherehani Isiyo na Mkanda

Kifungo cha shati kilikuwa kinaning'inia tangu juzi, na asubuhi ile Fundi Redio alipolivaa shati lenyewe alikikuta kimekaza. Kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kahawia juu ya shati jeupe, nyuzi zimepishana katikati ya matundu, kisha zikazungushwa chini ya kifungo zikawa kama shingo. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alishona vifungo hivyo, kwa uzi wowote uliokuwa karibu, na mtu huyo walikuwa wameshamzika.

Alimuuliza binti yake. Binti akasema yeye hata kutunga uzi kwenye sindano hawezi, mama alishamkatia tamaa zamani.

Alasiri ya siku hiyo cherehani ikaanza kulia.

Ilikuwa katika chumba cha nyuma, mkewe alimokuwa akishona nguo za watu miaka yote ya ndoa yao, na alimofia, kichwa juu ya kola ambayo hakuimaliza, mguu bado uko kwenye kanyagio. Fundi alikuwa upande wa pili wa ukuta siku ile, akiunganisha waya za redio ya mteja. Aliisikia cherehani ikinyamaza. Alidhani mkewe anabadilisha uzi.

Sasa ililia tena, ikisita kwenye kona na kushika kasi kwenye mstari ulionyooka, kama alivyozoea kushona mkewe. Harufu ya mafuta ya mashine ikapita chini ya mlango. Fundi akabeba viatu mkononi akatoka pekupeku. Kesho yake asubuhi alijikaza akaingia, akaufungua mkanda wa ngozi unaozungusha gurudumu, akautia mfukoni. Alasiri cherehani ikalia vilevile.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimleta mganga wa majini, ambaye alifukiza nyumba nzima mpaka wote wakatokwa na machozi. Mganga alisema jini limekalia kiti cha marehemu, na kwamba litaondoka. Halikuondoka.

"Shemeji, jini gani hili linafanya kazi kila siku?" alisema yule shemeji, akijaribu kumchekesha. "Mimi niliolewa na binadamu kabisa, na wa hivyo sikumpata." Kisha akashusha sauti. "Hama. Litakuua."

Fundi hakutaka kuhama. Nyumba ile ndiyo aliyobakiwa nayo. Lakini alikuwa hali wala halali, na kila alasiri alizurura mitaani mpaka giza liingie. Binti yake akampeleka kwa mshauri, mwanamke wa makamo aliyetibu woga kwa mazungumzo.

Mshauri hakucheka. Alisema hatabishana naye kama jini lipo au halipo. Yeye anatibu woga tu. Alimweleza kwamba woga hupanda kama mtu anayepanda mlima, hufika kileleni, kisha hushuka wenyewe, ila Fundi hukimbia kila siku ukiwa bado unapanda, na mwili wake haujawahi kujua kwamba kuna kushuka. Akamfundisha kuvuta pumzi taratibu. Wakaanza kidogo kidogo: kukaa ukumbini mlango wa chumba cha nyuma ukiwa umefungwa, halafu ukiwa wazi, halafu kizingitini, binti akiwa karibu.

Siku moja mshauri akamuuliza, "Baba, unaogopa ikilia, au unaogopa ikinyamaza?"

Fundi aliupapasa ule mkanda mfukoni.

"Sijawahi kusubiri inyamaze," akasema.

"Basi hiyo ndiyo kazi iliyobaki."

Fundi aliingia chumba cha nyuma peke yake, akakaa kwenye kiti cha wateja. Kanyagio likaanza kushuka na kupanda bila mguu, na gurudumu lisilo na mkanda likazunguka, na sindano ikatoboa hewa, na ile harufu ikamjaa puani mpaka akaihisi kwenye ulimi, na moyo ukamdunda hadi masikioni, na vidole vikafa ganzi, na magoti yakataka kusimama yenyewe, naye akayashika kwa mikono miwili na kuvuta pumzi taratibu kama alivyofundishwa, akijua kwamba kila mshono unaupeleka mstari ule kwenye mwisho wake, na kwamba safari hii hana ukuta wa kujifichia.

Ikanyamaza.

Woga ukafika kileleni. Ukakaa. Ukashuka.

Usiku huo alilala fofofo, na binti yake akalia kwa furaha. Cherehani haikulia kesho yake, wala wiki iliyofuata. Fundi akarudi kwa mshauri, ambaye alimwambia amefanya kazi kubwa.

"Mama, nimemzika mke wangu mara ya pili," Fundi akamjibu. "Na safari hii nilikuwa nimekaa namwangalia."

Mshauri akasema huzuni si ugonjwa, wataibeba pamoja, arudi wiki ijayo. Fundi akasema atarudi.

Alipofika nyumbani, binti alikuwa ametoka. Fundi akavua shati, akaking'oa kile kifungo cha uzi wa kahawia, akaviweka vyote chini ya sindano ya cherehani. Akatoka, akaufunga mlango, akakaa sakafuni na kuuegemea kwa mgongo. Mkanda ulikuwa bado mfukoni mwake.

Alikaa sana. Hatimaye woga ukaanza kupanda, vidole vikapoa. Alijua la kufanya, alikuwa amefundishwa vizuri. Hakulifanya. Alibana pumzi, akauacha moyo uende mbio.

"Mke wangu, naogopa," akanong'ona. "Naogopa kama zamani. Njoo."

Nyuma ya mgongo wake, taratibu, kanyagio likashuka.